Beji za Mtu Aliye Hai

Mambo haya alinieleza Jepchumba mwenyewe, mwezi wa nane uliopita, tukimenya viazi nyuma ya nyumba ya Jonah, siku Jonah alipokuwa akimwoza binti yake. Kisu hakikusimama mkononi mwake wala hakuinua macho. Nami sikumkatiza, maana mtu anayejitoa mwiba haulizwi kama unauma.

Asubuhi moja ya Januari, umande ukiwa bado umelala juu ya nyasi za Olenguruone, Jepchumba alikuwa nyuma ya boma la ng'ombe akichimba shimo. Kando yake palikuwa na gunia dogo lililofungwa kwa kamba ya katani. Udongo wa huku juu ni mwepesi, jembe huingia kama kijiko kwenye uji, na kabla hajatoka jasho shimo lilikuwa limemfika magotini. Akasimama kupumua. Akalitazama. Hakuwa amekusudia, lakini mikono inayojua kazi ilikuwa imelinyoosha shimo lile kwa pembe nne, refu kuliko upana wake. Alikuwa amechimba kaburi, na aliyechimbiwa alikuwa ndani ya nyumba akinywa chai.

Alilifukia mbio mbio, akalikanyaga kwa miguu yote miwili, akarudisha gunia stoo, chini ya viazi vya mbegu.

Ndani ya gunia mlikuwa na beji za matanga, zile za duara za bati, zenye picha mbele na pini nyuma, ambazo siku hizi hakuna mazishi yanayokamilika bila watu kuzivaa kifuani. Kila moja ilikuwa na sura ya baba yake, Mzee Kimaiyo, akicheka. Chini ya kidevu paliandikwa: Pumzika kwa Amani, Baba Yetu, 1947–2024. Kasoro ilikuwa moja tu. Mzee Kimaiyo hakuwa amekufa.

Alikuwa amekaribia. Mwezi wa kumi na moja mapafu yake yalijaa maji, akalazwa katika hospitali moja ya Nakuru, na Jepchumba akalala kwenye kiti kando ya kitanda chake mpaka miguu ikavimba. Daktari alimwita koridoni, akamwambia kwa upole, "Mama, jitayarisheni." Kakake, Kibii, aliyeko Marekani, likizo yake ilikuwa ya wiki moja tu. "Dada," alisema kwa simu, "nikitua nataka kila kitu kiwe tayari. Siwezi kuja huko nianze kutafuta tenti." Basi kamati ikaundwa, Jonah, jirani yao ambaye pia ni mzee wa kanisa, akiwa mwenyekiti. Na kwa kuwa Jepchumba hakuweza kumwacha mgonjwa, kamati ilikaa palepale kando ya kitanda, sauti ya Kibii ikitoka kwenye simu juu ya blanketi. Wakabishania rangi. Wakabishania picha. Mgonjwa alikuwa amefumba macho, mpira wa hewa puani, na wao walimzungumzia kama watu wanavyozungumzia mvua iliyokwisha kuonekana mlimani.

Jonah alipotoka, Kibii aliuliza, "Na wewe, dada, uko sawa?" Hakuna aliyekuwa amemwuliza hivyo tangu waingie hospitalini. Jepchumba alikuwa ameshika mkono wa baba yake, na neno likamtoka kabla hajalipima. "Kama ni kwenda, aende tu, Kibii. Mimi nimechoka."

Siku chache baadaye alikuwa katika duka la Wanyonyi, mtengeneza beji, mjini Nakuru, sanduku limemjaa mikononi, simu ikalia. Ilikuwa nesi. Mzee amefumbua macho, anaomba chai, na amesema isiwe ya maziwa ya pakiti. Mwanamke mwingine angepiga vigelegele. Jepchumba alitazama sanduku, na jambo la kwanza lililomtoka kinywani lilikuwa, "Sasa hizi nitazipeleka wapi?"

"Zipi, mama?" nesi akauliza.

Swali lile alikuwa nalo hata Januari ilipofika. Moto alikuwa ameujaribu kwanza. Aliweka beji moja makaani, nailoni inayofunika picha ikaanza kujikunja juu ya paji la uso wa baba yake, na papo hapo ndani ya nyumba mzee akakohoa. Aliichomoa kwa vidole vitupu. Chooni hakufikiria hata kidogo. Sura ya mzazi haitupwi pale. Wanunuzi wa vyuma chakavu wangezimwaga kando ya barabara, sokoni wote wakaona. Na shimo, shimo lilikuwa limemwonyesha lilivyo. Kila njia ya kuziondoa beji zile ilikuwa njia nyingine ya kumzika mtu aliye hai. Basi zikakaa gizani, zikicheka chini ya viazi, naye akawa haingii stoo bila kubisha.

Balaa lenyewe ni kwamba Mzee Kimaiyo alipenda beji kuliko mtu yeyote pale mlimani. Ukutani, kando ya kalenda, alikuwa ametundika kitambaa cha kochi alichokitarizi marehemu mkewe, na juu yake alibandika beji za maisha yake yote. Jioni huchomoa moja, akaipangusa kwa mkono wa koti, akaeleza ilikotoka. Hii ni ya ushirika wa pareto, tulipewa mwaka ule bei ya maua yake ilipomwekea kila mtu mabati juu ya nyumba. Hii ya chama, zama zile chama kikiwa kimoja. Ukienda ofisini bila hiyo kifuani unakaa benchi mpaka mlango ufungwe. Hawa ni wagombea, msiniulize majina, hata mama zao wamesahau. Kisha huja kwenye zile za wafu. "Zamani," husema, "tulifunga kitambaa cheusi mkononi, basi. Baadaye watu wakaanza kukata picha na kuibana kwa pini ya nepi. Halafu bati hili likaja. Bati ni zuri. Mvua ya mazishini haimfuti mtu sura." Katikati kabisa palikuwa na mkewe, kwa rangi ya bluu.

Tangu atoke hospitalini alikuwa ameongeza neno jipya. Akimaliza kuzunguka kitambaa chote husema, "Iko moja bado sijaipata." Na Jepchumba huinuka kwenda kutazama maziwa ambayo hayajabandikwa jikoni.

Mwezi wa tatu waliteremka kliniki, Jonah akiwapeleka kwa pikapu yake. Daktari alimsifu mzee hata mzee akaona haya. Walipotoka, akagonga dashibodi kwa fimbo. "Jonah, nipitishe kwa yule kijana wa beji. Nasikia ana pazia."

Jonah alimtazama Jepchumba kwenye kioo. Jepchumba alitazama viatu vyake.

Pazia lilikuwepo kweli. Wanyonyi, mtu mnene mwenye sauti ya mwimbaji, alikuwa na desturi ya kubakiza beji moja ya kila kazi na kuichoma kwenye pazia lililotenga mashine na wateja. "Karibu, mzee wangu. Leo ni harusi ama matanga?"

"Leo ni macho tu."

"Macho hayalipiwi. Hao wote nimewabana kwa mkono huu," Wanyonyi akapigapiga mkono wa mashine yake. "Walioshinda uchaguzi na walioshindwa, hapa wote wananing'inia kwa pini sawa."

Jepchumba aliiona beji ya baba yake upesi, safu ya tatu, kati ya askofu na bibi harusi. Jonah naye alikuwa ameona, akaanza kukohoa mlangoni. "Mzee, twende. Gari nimeliegesha vibaya, askari wa kanjo watalifunga mnyororo."

"Wafunge. Gari si langu."

Mzee alikwenda polepole, uso kwa uso, ncha ya fimbo ikitangulia. Aliuliza ya ushirika wa maziwa ilitoka wapi, akaambiwa ilikuwa ya babake Wanyonyi. Aliisifu ya kwaya. Alimpita askofu. Fimbo ikasimama.

"Na huyu?"

Wanyonyi aliinama kutazama. Ugonjwa ulikuwa umemla mzee nusu ya nyama yake, na sharubu zilinyolewa hospitalini, asingemjua. "Ah, huyo ni marehemu wa huko juu, Olenguruone. Watu wazuri sana. Kazi waliichukua mapema, hata rangi hawakulalamika."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Sikumjua, mzee. Lakini mtu akicheka hivyo kwa picha, hakuwa na maadui."

"Alikuwa nao," Mzee Kimaiyo akasema. "Mmoja yuko hapo mlangoni. Mwaka wa pili huu hajanirudishia tarimbo yangu."

Wanyonyi alicheka nusu. Kisha akaitazama beji, akamtazama mzee, akairudia beji. Akajikwaa nyuma, mikebe ya pini ikaanguka ikatawanyika sakafuni. "Mungu wangu!"

"Tulia, kijana. Ningekuwa mzimu ningekuja usiku, tena bila fimbo."

"Madam," Wanyonyi akamgeukia Jepchumba, sauti yote ya kwaya imemwisha, "si ni wewe ulichukua..." Hakumaliza. Uso wa Jepchumba ulimtosha. Akaichomoa beji kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa kupe, akamtia mzee kiganjani. "Chukua, baba. Nenda nayo. Nenda nayo kabisa."

Tangu Njoro hadi Keringet hakuna aliyesema, isipokuwa Jonah aliyejaribu, "Viazi vya huku vimetoka vizuri," na viazi havikupata mtu wa kuvitetea. Jepchumba alikaa na maneno yamemjaa mdomoni kama ugali wa moto: kumeza hawezi, kutema aibu. Alijiona akiwa msichana, akivunja kibuyu cha maziwa na kuketi akingoja baba atoke malishoni. Siku ile alichapwa, akalala vizuri. Afadhali kuchapwa. Mzee alitazama dirishani, kiganja kimefumbata, akiimba wimbo wa kanisa kwa pua.

Jua lilikuwa linazama walipofika. Mzee aliketi chini ya kitambaa chake, koti hata hajavua. "Mama, lete zile zingine."

"Zipi, Baba?"

"Zile unazozilinda kuliko viazi vya mbegu."

Alizileta. Kabla hajaifungua kamba, mzee akaikata kwa kisu chake. Beji zikamwagika mezani kwa mlio wa mvua ya mawe, zikazunguka, zikatulia moja baada ya nyingine, nyuso juu. Mzee alizitazama sana, mtu mmoja akitazamwa na nafsi yake mara nyingi hivyo.

"Mwaka mmekosea," akasema.

"Baba, nisamehe."

"Kwa bati?" Aliokota moja akaisogeza kwenye mwanga. "Hapa ni harusi ya Kibii. Nilikuwa nimekula vizuri. Sikia, mama. Baba yangu mimi sina picha yake. Nikijaribu kuikumbuka sura yake naona kofia. Kofia tu, na chini yake hakuna mtu. Wewe umenifanyia nyuso gunia zima, halafu unazificha?"

Jepchumba alilia wakati ule, na alidhani kilio kile kingemtua mzigo. Lakini alipopangusa macho aliukuta palepale, haujasogea hata kidole. Ndipo alipojua kwamba miezi yote ile hakuwa akificha bati.

"Halafu nilikuwa nasikia," mzee akasema, kana kwamba anaeleza habari za ng'ombe.

"Ulikuwa unasikia nini?"

"Kamati. Kufumbua macho sikuweza, ila masikio yalikuwa yangu. Jonah alitaka zambarau. Wewe ukasema bluu, kama ya mama yako. Nikasema moyoni, bluu. Huyo kakako aliuliza kama mtandao wa huku utaweza kurusha mazishi, ndugu zake wa Marekani waone. Nilitaka kucheka, ule mpira ukanizuia." Akacheka sasa, kicheko cha Novemba kilichochelewa, kikaishia kifuani kwa kikohozi.

Jepchumba alingoja kikohozi kipite. "Jonah akatoka," akasema.

"Akatoka. Viatu vyake vina kelele."

"Na baada ya hapo, Baba?"

Mzee alikuwa akihangaika na pini ya nyuma. Vidole vyake havikuwa vimerudisha nguvu. Aliijaribu mara moja, na mara ya pili. Hakuinua kichwa. "Baada ya hapo nililala," akasema. Kisha akamnyoshea beji. "Nishikie hapa. Kando ya mama yako. Usiibane sana, nyuzi zake zimechakaa."

Jepchumba aliibandika. Pini ikamchoma kidole. Alimpa baba yake maji ya dawa, akamvua viatu, akamfunika blanketi mbili, maana baridi ya Mau haina adabu kwa wazee. Mara tatu alifungua mdomo. Kama mzee alilisikia lile "aende tu", alikuwa amelibeba tangu Novemba na kulinywea chai pamoja naye kila asubuhi. Na kama hakusikia, kulisema leo kungekuwa kumpa mzee mzigo ili yeye apumue. Alijaribu kukumbuka ule mkono alioushika kitandani, kama ulishtuka, kama ulilegea, kama ulimbana. Hakukumbuka kitu. Mzee aligeukia ukutani, akapumua kwa kina, na punde akawa anakoroma.

Jepchumba alizima taa, akajilaza chumba cha pili, nguo mwilini. Ukuta baina yao ni wa mbao, naye husikiza pumzi za upande ule kila siku. Mzee alikohoa mara moja, akanyamaza. Jepchumba alingoja kikohozi kingine. Usingizi ukamchukua kabla hakijaja.