Ngai wa Nani?

Mwaka wa 1954, kwenye kambi ya kuchuja washukiwa wa uasi pale Ruiru, Kaleli, Mkamba, alikuwa mkalimani, na ukalimani siku zile ulikuwa kaa la moto. Ukiteleza ulimi, hata wewe utakwenda na maji.

Asubuhi hiyo aliletwa bibi kizee mchuma kahawa, jina lake Nyokabi. Nyapara alimwona alfajiri ameinua mikono kuelekea mlimani, akiita, "Ngai! Ngai!" Eti huo ndio ushahidi kwamba amekula kiapo cha waasi wa msituni. Nje, lori la kwenda kizuizini lilikuwa linanguruma.

"Mungu mimi najua," afisa Mzungu aliyekuwa akimhoji alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Hii Ngai ni ya nani?"

Kaleli angeweza kusema hajui, akaenda zake kunywa chai. Lakini alichukia kuona mtu akifungwa kwa sala.

"Ni neno la zamani, bwana. Wamasai husema Enkai, na kwao ni mbingu, tena ni mvua. Kuna wanaosema Wakikuyu walilitoa huko. Wenyewe watakwambia Ngai ni mgawaji, aliyegawa nchi. Hilo la Mungu limepanda kutoka pwani."

"Na ninyi Wakamba?"

Kwao Kaleli pia Mungu huitwa Ngai. Aliogopa, tusidanganyane. Kule Gatuanyaga alikuwa na mkewe Ndila na watoto wadogo.

"Wewe naomba nani?" afisa akafoka. Askari akasogea.

Nyokabi alikuwa amefuata yote. Akasema upesi kwa Kikuyu, macho chini: "Mwambie Ngai wangu ni wa msituni, wako ni wa kanisani. Mimi nimekula chumvi nyingi, mwanangu. Wewe bado una watoto wa kulea."

"Huyu nasema nini?"

Kaleli akamgeukia afisa. Kutafsiri tu, basi, neno kwa neno kama alivyoajiriwa, na jioni angekula kwake.

"Anasema Ngai ni mmoja, bwana. Na ndiye ninayemwomba mimi."

Askari akampokonya kofia ya kazi, akamsukuma hadi kwenye lori nyuma ya yule bibi. Nyokabi akamsonya.

"Mjinga wewe! Si nilikuwa nimeshakutoa hatarini?"

"Sogea kidogo, cucu," Kaleli akamwambia kwa Kikuyu, kama mjukuu kwa bibi yake, akaketi kando yake.