Mishono Thelathini na Mmoja

Mkono wake wa kulia ulivuka kifua, ukapita chini ya kwapa la kushoto, ukapapasa mgongo wa koti. Ukasimama. Ukarudi nyuma kidogo, ukatafuta tena, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba anayoijua.

"Fundi," mzee Ken aliniuliza, "kiko wapi?"

Nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake, pini tatu mdomoni. Nikazitoa moja moja.

"Kitu gani, mzee?"

"Kigongo. Kile cha nyuzi."

Thérèse, aliyekuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa karibu na dirisha, aliacha simu yake. Nami nikajibu kwa fahari ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya.

"Nimekitoa. Ilikuwa kazi ya mtu mwenye haraka. Sasa hata uvae miwani miwili hutaona palipochanika."

Alilivua koti, mkono mmoja kisha wa pili, akalilaza juu ya meza yangu ya kukatia, akakaa. Angekasirika ningejua la kufanya. Mteja mwenye hasira unampa kiti, unampa chai, unamwahidi Jumamosi. Huyu alikaa tu akiutazama mkono wake.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 2017. Chumba changu cha ushonaji kilikuwa ghorofa ya tatu katika jengo la zamani la Marshalltown, lifti yake ikiwa imekufa kabla sijafika Johannesburg. Mlangoni alikaa Khatibu, mtu wa Tanga, akiuza vifungo na zipu, na kuwaambia wateja wangu mambo ambayo mimi nisingethubutu kuwaambia.

Majuma mawili kabla ya siku hiyo, Thérèse alikuwa amempandisha mzee ngazi zote hizo, wakipumzika kila ghorofa. Thérèse ni wa Bukavu. Alikuwa akimtunza katika chumba cha uani huko Mayfair, nyumba ya Msomali mmoja mwenye duka la vitambaa. Mkononi alibeba mfuko wa plastiki. Alipolitoa koti, chumba kizima kiliingia mwanga. Lilikuwa la rangi ya fedha, kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi zinazometameta, kola ndefu, bitana nyekundu iliyopauka kwapani.

"Bwana wee!" Khatibu akasema. "Ukivuka nalo barabara mchana, magari yatagongana kwenye taa za roboti."

"Papa Khatibu, uza vifungo vyako," Thérèse akamjibu. Kisha akanigeukia. "Papa Balthazar, huyu muzee wangu alikuwa muimbaji mukubwa kwao. Mukubwa kabisa. Anataka koti imufae, ataimba mwezi wa kumi na moja. Lakini angalia, amebaki mifupa."

"Mifupa inaelewa unachosema," mzee akasema kwa Kiingereza, akicheka. Kiswahili alikuwa ameokota maneno kama kumi kwa Thérèse, na moja lilikuwa fundi. Mengine yote tuliyaongea kwa Kiingereza changu cha kujifundisha.

Nilimpima. Mtu anayepimwa huwa anazungumza. Sijui ni utepe au ni kule kusimama mikono ikiwa wazi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kenneth Ogden, mtoto wa Hull, mji wa samaki, baba yake akipakua mizigo bandarini. Akiwa na miaka kumi na sita alianza muziki na wenzake watatu. Besi yao ilikuwa sanduku la majani ya chai lililofungwa kamba, ngoma yao ubao wa kufulia nguo. Mwaka uliofuata walipanda treni kwenda London, wakaimba chini ya mkahawa, katika chumba ambacho jasho lilidondoka kutoka darini. Bwana mmoja mwenye pete akawarudisha wale watatu nyumbani, akambakiza yeye, na kabla ya mkataba akampa jina. Kenneth Ogden, alisema, ni jina la muuza makaa. Kuanzia siku ile akawa Kit Valiant. Wimbo wake wa tatu ulifika nambari sita Uingereza nzima. Kwa miaka mitatu alilala ndani ya mabasi, wasichana wakimchania mashati. Halafu yakaja makundi ya vijana kutoka Liverpool, yakitunga nyimbo zao yenyewe, na katika msimu mmoja simu yake ikaacha kulia.

"Baada ya hapo?" nilimuuliza, nikiandika kifua, inchi thelathini na nne.

"Meli za watalii. Mazulia. Niliuza mazulia mengi sana, fundi."

Daktari alikuwa amemwambia kuhusu mapafu yake. Kufikia baridi ya mwaka ujao, asingemaliza sentensi bila kupumzika. Klabu moja ya wazee wanaokusanya santuri, huko upande wa kaskazini, ilikuwa imemgundua, ikamwomba aimbe ule wimbo wake Jumapili moja alasiri. Alikubali kwa sharti kwamba tangazo litoke katika gazeti la mtaa, na jina liwe lile la zamani.

Hapa nieleze ninavyofanya kazi, maana kosa langu lilitoka humo. Sikufundishwa na mtu. Kwetu Uvira, Kongo, sikuwa na pesa ya kumlipa fundi aniweke chini yake, kwa hiyo nilinunua makoti ya mitumba yaliyoharibika na kuyafumua. Kabla ya kufumua mshono wowote niliuchora kwenye karatasi, kila sindano ilipoingia na ilipotoka, na uzi niliotoa niliuweka kwenye kiberiti kitupu mpaka vazi lirudi kwa mwenyewe. Vazi likifumuliwa linakuonyesha mkono wa aliyelishona: aliyechoka, mwenye majivuno, aliyeipenda kazi yake.

Nilipofungua bitana ya koti la fedha niliona mkono wa fundi mzuri kila mahali. Isipokuwa chini ya bega la kushoto. Hapo palikuwa na mchaniko wa urefu wa kiganja, umeshonwa kwa uzi mweusi, mishono thelathini na mmoja iliyopanda na kushuka kama ya mtoto. Nilikionea huruma kitambaa. Nikachora, nikafumua, nikaweka uzi kwenye kiberiti, nikaziba mchaniko kwa hariri ya kijivu. Khatibu alilileta koti dirishani, akalitafuta kovu, akalikosa.

"Wewe ungeshona hata ufa wa ukuta," aliniambia.

Nami nikafurahi.

Sasa mzee alikuwa amekaa, na Thérèse akanong'ona, "Umefanya nini, Papa?"

Alitusimulia akiwa ameinamisha kichwa. Mwaka 1962, akiwa na miaka ishirini na miwili, aliletwa Johannesburg kuimba majuma mawili katika ukumbi wa Wazungu watupu. Nyuma ya jukwaa alikuwapo dada mmoja wa Vrededorp, Sybil, ambaye watu wa serikali walikuwa wamemwandika Coloured, yaani chotara. Kazi yake kupiga pasi na kushona. Usiku wa kwanza, akiinua gitaa, koti lilichanika mgongoni. Sybil alilishona nyuma ya pazia, wapiga ngoma wakiwa wanavuta muda. Kwa siku zilizobaki waliongea pale pale, kati ya nguo zilizotundikwa. Mchana waliwahi kutembea pamoja mara tatu, kama ile inaweza kuitwa pamoja: yeye kando hii ya barabara, Sybil kando ile, wakisimama kwenye roboti moja, wakitazama mbele. Sheria ya wakati ule, iliyokataza mapenzi kati ya Mzungu na asiye Mzungu, ingewafunga wote wawili.

"Picha?" Thérèse akauliza.

"Nani angethubutu kupiga?"

Barua mbili alizoandika kutoka Uingereza zilirudi. Mwaka 1992, sheria zilipokwisha, alirudi yeye mwenyewe. Mtaa wa Vrededorp aliokuwa akiujua ulikuwa umebomolewa na watu wake kutawanywa. Alimtafuta katika mitaa walikohamishiwa, Riverlea, Bosmont, Eldorado Park. Mmoja alisema amehamia Cape Town, mwingine alisema amekufa, wa tatu alimpa chai na kumwambia hamjui. Akapanga chumba Mayfair kwa sababu kutoka pale angeweza kwenda Vrededorp kwa miguu.

"Akiliona tangazo atakuja," alisema. "Labda macho yake yamekwisha. Basi ataweka mkono wake pale mgongoni, na atajua."

Kiberiti changu kilikuwa juu ya rafu, futi tano kutoka alipokaa. Nikakichukua, nikampa. Alikifungua, akavitazama vipande vile vyeusi, vingi vifupi kuliko ukucha, akakifunga.

"Nina mchoro," nikasema. "Nipe siku tano."

Nilifumua kazi yangu nzuri. Kitambaa cha namna ile hakisahau sindano. Matundu yake yote yalikuwepo. Nilipita tundu kwa tundu kwa uzi mweusi wa pamba, nikifuata karatasi, na siku ya tano mzee alivaa, akavusha mkono, akapapasa.

"Hapana," alisema. Akaongeza kwa upole, "Karibu. Lakini hapana."

Alikuwa sahihi. Nami nilikuwa nimeliona: mishono yangu ilipita matundu yote lakini ililala bapa. Kigongo hakikuwepo. Niliinua karatasi dirishani. Mitatu ikipanda, miwili ikishuka, mitatu ikipanda. Mtoto hakosei hivyo. Mtoto hukosea ovyo.

"Mzee," nikauliza, "alipokuwa akishona, koti lilikuwa wapi?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jua huwa linakaa wapi.

"Mwilini mwangu. Tulikuwa na dakika nne. Nilikuwa nimetoka kuruka jukwaani, nahema kama farasi. Aliniambia nitulie, nami nikashindwa."

Thérèse akaziba mdomo kwa kiganja. Mimi nikakaa chini. Miaka yote ile nimesoma mikono ya washonaji, na sikutambua kwamba mkono ule ulikuwa mzuri kuliko wangu. Kilichopanda na kushuka kilikuwa mgongo wa kijana.

Sikuchukua sindano mara moja. Mama yangu, aliyefariki Uvira mwaka 2014 nami nikiwa huku bila karatasi za kusafiria, hakukubali nguo ishonwe mwilini mwa mtu, hata kifungo. Alisema ukishonewa nguo mwilini, nawe unashonwa hapo hapo uliposimama, hutaondoka. Ikilazimu, ulipewa kipande cha uzi kama kinga, ukiume mpaka fundi amalize. Nilikata kipande, nikamnyooshea mzee, nikamweleza.

Alicheka hadi akakohoa.

"Naye alinipa! Kwao pia walisema hivyo. Nikautema. Nilikuwa na wimbo wa kuimba."

"Basi uung'ate sasa."

"Wa nini, fundi? Nitaenda wapi?"

Aliurudisha kiganjani mwangu. Nilisimama nyuma yake, nikafumua mara ya pili, nikaanza. Matundu yalikwenda na kurudi. Ilibidi niisubiri pumzi inilete tundu linalofuata, na pumzi yake ilikuwa ya polepole, yenye mchakacho ndani. Khatibu hakufanya mzaha hata mmoja. Vipande vya Sybil vilikuwa vifupi mno, isipokuwa kimoja kilichokubali kuingia sindanoni. Nikakitumia kwa mishono miwili ya mwisho.

Mkono ukavuka kifua. Ukafika. Ukatulia pale kwa muda mrefu.

"Ndiyo," alisema.

Jumapili ile tulikwenda sote, Khatibu akiwa amevaa tai. Ukumbi ulikuwa na wazee kama thelathini, birika kubwa la chai, keki zilizokatwa miraba. Mzee Ken alisimama mbele bila gitaa, koti likiwaka, kiberiti kikiwa mfuko wa ndani. Kila mlango ulipofunguliwa alitazama. Aliingia mtu na kiti cha magurudumu. Aliingia mpishi. Aliingia mama mmoja mwenye skafu ya kijani, na nikaona mabega ya mzee yakinyooka, lakini yule mama alikwenda kukaa na mume wake.

Ubeti wa kwanza aliumaliza. Katikati ya wa pili pumzi ilikatika. Mpiga kinanda akarudia sauti zile zile, mara moja, mara mbili. Mzee alivusha mkono chini ya kwapa, akafumba macho, akasubiri. Kisha akaimba mstari uliobaki kwa sauti ndogo sana, akiuelekezea mlango.

Tukarudi naye Mayfair kwa teksi. Alishika koti mapajani. Njia nzima alisema jambo moja tu.

"Gazeti lile halifiki Eldorado Park, au sivyo?"

"Labda halifiki, mzee," Thérèse akamjibu.

Alifariki Juni iliyofuata, baridi ikiwa imeingia kama daktari alivyosema. Thérèse ndiye aliyemvika lile koti kwa maziko, na alinieleza kwamba kiberiti alikiacha palepale mfukoni.

Sasa ni mwaka 2019. Khatibu amerudi Tanga. Ananitumia sauti kwenye simu akinilaumu kwamba sirudi kwetu. Namjibu kwamba nitarudi. Karatasi za kusafiria ninazo tangu Februari. Nguo zangu huwa nazishona nikiwa nimezivua, hata kifungo, lakini siku nyingine nikisimama dirishani najikuta napapasa mgongo wa shati langu.

Mchoro umebaki kwangu, umebandikwa juu ya cherehani. Wateja huuliza ni ramani ya nini. Huwa nawaambia waweke kidole kwenye mshono wa kwanza na kuufuata polepole, mitatu ikipanda, miwili ikishuka, mpaka wasikie mtu anahema.