Sauti ya Jino Lililomeguka

Eligio Torriente alitengenezwa jino siku ya Jumanne, na Jumatano asubuhi akajua kwamba amejiharibia.

Jino lenyewe lilikuwa la mbele, la juu, na kwa muda mrefu lilikuwa nusu. Lilimeguka ujanani, alipoanguka na baiskeli kwenye mteremko wa kushukia daraja la mto San Juan. Hakuna aliyeona haja ya kulitengeneza, maana mji wa Matanzas umejaa watu wenye meno mabovu kuliko lile. Akajifunza filimbi ya mbao akiwa na nusu jino, akaoa akiwa na nusu jino, akapigia watu danzón, dansi ya Kikuba, kwenye harusi na kumbi za starehe mpaka nywele zikaingia mvi. Na kila alikopiga, watu walimkumbuka kwa kitu kimoja. Alikuwa na noti ya juu, nyembamba kama uzi, iliyotoka pamoja na nyingine nzito ikinguruma chini yake, zote mbili kwa pumzi moja. Wanamuziki wenzake waliiita ndoa.

"Huyo wa chini anayenung'unika ni mimi," Zoraida mkewe alikuwa akiwaambia watu.

Ndoa hiyo ilitoka wapi, hakuna aliyejua. Eligio mwenyewe alidhani ni kipaji.

Ndipo Yusimí Oquendo akaisikia. Yusimí ni mtunzi, mtoto wa mtaa wa Versalles aliyekwenda kusoma Havana akarudi nyumbani. Muziki wake ni wa kisasa, ule ambao mtu akiusikia humuuliza jirani yake utaanza saa ngapi. Humo filimbi inapumua, inagonga, inakohoa, inanong'ona. Mwaka mzima alikuja kila Alhamisi jikoni kwa Eligio na kinasa sauti chake, akamwomba apige ndoa kwa nguvu, kisha kwa upole, kisha huku akiguna ndani ya filimbi. Mwishowe akaandika utunzi wa filimbi peke yake, kurasa nane. Ukurasa wote wa kwanza ulikuwa ndoa tu, ikiota kutoka kwenye kimya na kukua polepole. Ungepigwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Novemba, na televisheni ingekuwepo.

Eligio alikuwa amewapigia watu muziki wa kucheza maisha yake yote. Walicheza, walikunywa, walitongozana, yeye akipuliza. Hakuna ukumbi uliowahi kunyamaza ili kumsikiliza yeye peke yake. Siku hiyo ya Novemba aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine, na hakumwambia mtu.

Kilichomponza ni televisheni.

"Utaonekana nchi nzima na hilo pengo," Zoraida alimwambia. "Mwanao atakuona huko Tampa, Marekani, aone aibu."

"Yadira amelijua pengo hili tangu azaliwe."

"Alilijua kwa sababu hakuwa na la kufanya. Sasa analo."

Kweli analo. Kliniki ya mtaa haikuwa na dawa ya kuzibia meno tangu watu waache kuiulizia, basi Yadira akaituma kwenye kifurushi, kati ya sabuni na soksi. Daktari Mirelda, anayekaa ghorofa ya juu yao, akafanya kazi yake vizuri. Tusimsingizie Zoraida. Eligio alikwenda kwa miguu yake, akakaa kwenye kiti, akafungua mdomo, na alipopewa kioo alitabasamu kama bwana harusi.

Jumatano akachukua filimbi, akapuliza. Ikatoa *fyuuu*, kama sufuria ya presha iliyochoka mpira.

Akalowesha midomo, akapuliza tena. Noti za kawaida zilitoka, safi hata, safi kuliko zamani. Ndoa haikutoka. Alijaribu mpaka kizunguzungu kikamshika, akakaa kitandani akilipapasa jino lake zuri kwa ulimi.

Alhamisi Yusimí akaja kama kawaida.

"Mzee Eligio, umependeza!" alisema akiweka mkoba mezani. "Haya, ukurasa wa kwanza."

"Leo tuanze wa tatu."

"Kwa nini wa tatu?"

"Wa kwanza naujua."

"Kama unaujua, hautakuchelewesha. Piga."

Akapiga. Jikoni kukawa na upepo mtupu. Yusimí alinyanyuka, akamshika kidevu kama mama anayemkagua mtoto aliyekula udongo, akachungulia mdomoni.

"Nani kafanya hivi?"

"Mirelda, huyo wa juu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwenye kiti. Nimefungua mdomo."

Yusimí alikwenda dirishani akasimama akimpa mgongo. Aliporudi hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Eligio zaidi.

"Kuna msichana Havana, anaitwa Leanet," alisema. "Tulisoma pamoja. Ana namna yake ya kutoa noti mbili kwenye filimbi ya chuma. Siyo yako, lakini inakaribia."

"Ya chuma! Si afadhali upulize bomba la maji."

"Bomba la maji lingenipa sauti mbili, mzee. Wewe leo hunipi hata moja na nusu."

Yusimí akakusanya karatasi zake, kisha akaziacha tena mezani. Wakakubaliana hivi: wiki kadhaa mbele, Ijumaa ya mkesha wa onyesho, watakutana ukumbini. Leanet atapiga, Eligio atapiga, na mtunzi ataamua. Mwaka mmoja wa Alhamisi hautahesabiwa. Kitahesabiwa kitakachosikika.

Eligio akapanda ghorofani moja kwa moja.

"Litoe," akamwambia Mirelda.

"Nikilibandua hilo litakuja na mzizi. Mzizi wako umechoka kuliko wewe. Ukitaka pengo kamili nakung'olea sasa hivi, ila usije kesho kunililia."

Akashuka, akachukua tupa ya kucha ya Zoraida, akajifungia bafuni mbele ya kioo. Akaanza kulisugua jino.

"Unafanya nini humo?" Zoraida aliuliza mlangoni.

"Najinyoa."

"Unanyoa nini, bati?"

Tupa ikateleza, ikamchana mdomo. Alipofungua mlango kidevu chote kilikuwa damu, na jino lilikuwa na ukingo kama kifuniko cha kopo. Zoraida hakucheka. Alichukua taulo, akamfuta, akasema, "Mimi ndiye niliyekuponza."

"Mdomo ni wangu," Eligio alisema. "Nami ndiye niliyeufungua. Nyamaza, tafadhali, usinitie huruma, nina kazi."

Mirelda akalisawazisha lile jino huku akimtukana toka mwanzo mpaka mwisho. Halikurudi kuwa nusu, wala halikubaki zima. Likawa kitu cha tatu, na filimbi haikulitambua.

Kidonda kilipokauka, Eligio aliacha kuitafuta sauti mahali ilipokuwa. Mtu akihama, hukai mlangoni kwake ukibisha hodi. Akaanza kuisogeza filimbi mdomoni, kidogo kidogo, kwenda kushoto kwanza. Huko hakukuwa na kitu. Akageukia kulia, ambako jino la pembeni lilikuwa limelalia jirani yake, na huko, mchana mmoja umeme ukiwa umekatika na redio zote za mtaa zimenyamaza, kitu kikanguruma. Kikakatika papo hapo. Eligio hakuthubutu kusogea. Akapuliza tena, hakikuja. Akapuliza tena, kikaja.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ili filimbi ikae pale, ilimbidi ageuze kichwa kushoto, ainue bega la kulia, na apinde shingo kama kuku anayetazama punje kwa jicho moja. Vidole navyo vilipotea. Kila tundu lilikuwa limehama. Mtu aliyepiga filimbi tangu ujana alianza kudondosha noti kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Alikataa kupiga harusi iliyokuja, na nyingine baada yake. Wenzake wa bendi walisema amejiona mkubwa, tayari yuko televisheni. Waache waseme.

"Eligio!" Chucho, jirani yao, alifoka kutoka roshani ya ng'ambo. "Mchinje huyo paka, au umwachie aende!"

"Njoo umshike miguu!"

"Nitakuja na kisu!"

"Njoo na kahawa pia!"

Jioni Zoraida alimsugua shingo kwa mafuta ya kafuri. "Ukikaa hivyo kamera itapata sikio tu," alisema. "Ningejua, ningetengeneza sikio."

"Lisafishe basi," Eligio akajibu. Hakuwa anatania.

Ijumaa ile ya mkesha ikafika. Leanet alikuwa msichana mrefu, mpole, na filimbi yake iling'aa mpaka mtu akajiona ndani yake. Alipiga kurasa zote nane bila kusita. Eligio alikaa safu ya tatu akimtafutia kosa, na hakulipata. Noti mbili zilitoka pamoja, nyembamba, sawasawa, kama watu wawili wenye adabu wakipishana kwenye ngazi. Aliona ni kazi nzuri, na roho ikamuuma kwa sababu ilikuwa nzuri.

Akapanda jukwaani, akajipinda. Mara ya kwanza ulitoka upepo. Mara ya pili ndoa ikaja, lakini siyo ile. Noti ya chini ilikuwa kubwa, ina makwaruzo, na ya juu ilitetemeka juu yake kama mtu aliyebebwa mgongoni akiogopa kuanguka.

"Hiyo siyo sauti niliyoandika," Yusimí alisema.

"Najua."

"Ya chini inaimeza ya juu."

"Naisikia, mwanangu, masikio yangu hayajatengenezwa na Mirelda. Ile ya zamani imekufa. Nimeiua mwenyewe, na nimeizika. Nimebaki na hii, na nitaifikisha ukurasa wa nane hata shingo ikatike."

"Na kesho ikigoma?"

"Nitaingoja."

"Mbele ya watu wote hao?"

"Kwani nitaingojea chooni?"

Yusimí akamgeukia Leanet, aliyekuwa akiifuta filimbi yake kwa kitambaa.

"Usinitazame mimi," Leanet alisema. "Mimi nimekuja kwa kuwa uliniita, na kesho nikipanda nitaupiga vizuri. Lakini kwa kuwa umenitazama, huyu nataka kumsikia mpaka mwisho."

Yusimí aliitafuna kalamu yake ya risasi. Kisha akasema, "Rudia, mzee."

Akarudia. Akarudia ukurasa wa kwanza mpaka mlinzi wa ukumbi akaanza kutikisa funguo zake kwa makusudi. Yusimí hakutamka popote kwamba kazi ni ya Eligio. Alimwambia tu asile kitu cha chumvi kesho, mdomo usije ukakauka.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka juu. Bendi nzima ilikuja, hata wale waliomsema. Eligio alitoka na suti aliyooa nayo, akaweka karatasi zake, akageuza kichwa, akainua bega. Mtu mmoja akacheka. Akapuliza.

Upepo.

Akaishusha filimbi, akalowesha midomo, akaipandisha. Upepo tena, mrefu, usio na kitu ndani yake. Kiti kikalia mahali fulani ukumbini. Watu wa safu za mbele wakaanza kutazama viatu vyao, kama mtu afanyavyo mwenzake akiadhirika.

"Puliza, Eligio!" sauti ikapasuka kutoka juu, na wengine wakaizima kwa hasira.

Ukurasa wa pili ulikuwa rahisi. Ulikuwa na noti za kawaida, za haraka, ambazo vidole vyake vilikwisha kuzizoea upya. Angeweza kuufungua, na zaidi ya Yusimí na Leanet hakuna ambaye angejua. Aliutazama ukingo wake. Hakuugusa. Akashusha filimbi mara nyingine, akapumua mpaka tumboni, akangoja moyo utulie, nao ukumbi ukangoja naye kwa lazima. Kisha akaisogeza kulia, unywele mmoja zaidi ya alivyozoea, mahali palipomuuma.

Ya chini ilikuja kwanza, kama mtu anayeburuta kabati chumba cha tatu. Hakuisukuma. Aliiacha iburute, na pumzi ilipokaribia kuisha, ya juu ikapanda juu yake, ikayumba, ikashika.

Pumzi ikaisha. Ukurasa ulitaka nyingine, kubwa zaidi. Akaivuta. Ndoa ikaja haraka kuliko ya kwanza, ikakua, ikakwaruza, ikajaa roshani za juu ambako mtu yule alikuwa amepiga kelele, na sasa hakuna aliyekohoa. Jasho lilimwingia jichoni. Shingo ilikuwa moto kutoka sikioni hadi begani. Alipofika mwisho wa ukurasa midomo ilikuwa imekufa ganzi, na alijua kuna mwingine kama huu mbele, wa sita, mgumu kuliko huu.

Akafungua wa pili.