Mabakuli Thelathini ya Shiho

Muuguzi alipombandua bandeji kwenye jicho la kulia, kitu cha kwanza kilichomrukia Kanehiro kilikuwa sare ya muuguzi mwenyewe. Ilikuwa ya samawati, samawati safi kama anga ya asubuhi theluji inapokatika.

"Mmebadilisha sare?" aliuliza.

"Tangu jana, babu? Ni hii hii," muuguzi alicheka. "Mkishatolewa mtoto wa jicho wote mnauliza hivyo. Mlikuwa mnaitazama dunia kupitia kikombe cha chai."

Mkewe, Mitsue, alicheka pia. Kanehiro hakucheka. Alifumba jicho la kulia, akatazama kwa la kushoto, ambalo lilikuwa bado halijapasuliwa. Sare ikawa na manjano ya majani ya chai yaliyosahaulika birikani. Akafumba la kushoto, akafumbua la kulia. Samawati. Alirudia mara tatu, na kila mara moyo ulizidi kumshuka.

Njia nzima ya kurudi kijijini kwao Okawachi, Mitsue akiendesha gari, Kanehiro alifumba jicho hili akafumbua lile. Alikuwa akiiwaza siku moja ya Novemba.

Kwa miaka arobaini na miwili alikuwa amefinyanga vyombo vya seiji, kauri ambayo uzuri wake wote umo katika rangi moja tu, samawati ya mpako wake, isiyo na ua wala ndege wa kufichia kasoro. Vuli ile binti yake Shiho, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, alisaga jiwe, akachanganya mpako na kuwasha tanuri peke yake kwa mara ya kwanza: mabakuli thelathini ya wali, kwa ajili ya nyumba ya wageni ya Bi Uranishi. Bi Uranishi alikuja mwenyewe kuyachukua. Mitsue siku hiyo alikuwa kwa dada yake. Kanehiro aliinua bakuli moja, akaligeuzageuza dirishani.

"Nini hiki? Manjano kama mkojo wa paka!"

"Baba, mimi naona—"

"Unaona! Wewe una macho ya kuonea seiji? Nilianza kuyatazama haya kabla mama yako hajakuzaa."

Bi Uranishi alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye aliyaona mazuri.

"Usimhurumie, mama. Chini yake pana jina langu."

Akachukua nyundo. Aliyavunja yote thelathini, moja baada ya jingine, mbele ya mgeni. Shiho alisimama pale, mikono ameikunja juu ya aproni, na kwa kila pigo alimwinamia Bi Uranishi kumwomba radhi.

Sasa gari liliposimama, Kanehiro hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya tanuri hadi kwenye lundo la vigae kando ya kijito. Alivitambua vya mabakuli yale kwa ukingo wake mwembamba, ambao pale nyumbani Shiho pekee ndiye aliyeuweza. Akaokota kimoja, akakisuuza, akakiinua kwenye mwanga.

Aliijua rangi ile. Baba yake aliitafuta hadi akaingia kaburini. Yeye mwenyewe aliikaribia mara mbili maishani, bakuli moja moja. Hapa yalikuwapo thelathini.

Uso ulimwaka moto hadi masikioni. Na hili hakuja kumwambia mtu: kwa dakika chache alichota matope kwa viganja vyake akawa anavifukia vile vigae, haraka haraka, kama mwizi. Kuingia kwa matope chini ya kucha ndiko kulikomshtua. Akanawa, akaenda karakanani.

Shiho alikuwa akichonga vitako vya vikombe. Tangu Novemba hakugusa kazi yoyote yenye rangi. Kanehiro aliweka kigae juu ya meza yake, akapiga magoti, akainama hadi paji la uso likagusa sakafu.

"Baba! Daktari si amekukataza kuinama?"

"Yalikuwa samawati," alisema. "Yote. Manjano yalikuwa machoni mwangu."

Gurudumu la kufinyangia lilizunguka taratibu hadi likasimama.

"Mimi niliyaona samawati," Shiho alisema. "Uliposema manjano, nikajua basi sijui kuona. Siku hizi hata nikichemsha figili namwita Mama aje aangalie kama imeiva."

"Mpako uliobaki?"

"Niliumwaga. Na daftari la vipimo nikalitia tanurini. Nilidhani nimeandika makosa."

Kanehiro hakuinua kichwa. Maneno ya radhi aliyoyapanga njiani yalionekana madogo mno, akayameza.

"Inuka, Baba. Utalipasua na hilo jicho jipya." Shiho alikuwa amekichukua kigae na kusogea dirishani. Alikigeuza upande huu, akakigeuza upande ule. "Hii rangi, wewe ungeiitaje?"

Kanehiro alifumbua kinywa. Kwa miaka arobaini na miwili hakuwahi kukosa jibu la swali hilo, mbele ya wateja, mbele ya mafundi wenzake.

"Sijui," alisema. "Niambie wewe, unaonaje?"

Shiho alikiinua kigae karibu zaidi na kioo, akakunja uso kidogo, akatazama.