Barakoa Isiyo na Harufu

Mjomba wangu Tranquilino hakumwamini mtu yeyote aliyekuja kijijini kwetu Charco Hondo na kalamu. Wenye kamera aliwavumilia, maana kamera huchukua sura yako ikakuachia uso. Lakini mwenye kalamu, alisema, huandika usichokiona, akaondoka nacho, na siku ukikisoma unakuta umezaliwa kwingine.

Kwa hiyo Irasema alipokuja mwezi wa pili, kalamu tatu zimechomekwa mfukoni, nilijua kazi ipo. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mfanyakazi wa jumba la makumbusho huko mji mkuu. Walikuwa wanaandaa maonyesho juu yetu sisi, Wameksiko weusi, tulikotoka na tunavyoishi. Alitaka kuazima barakoa ya mjomba.

Barakoa hiyo ilitengenezwa na babu yangu Fortino: ngozi ya ng'ombe, ndevu za mkia wa farasi, pembe za kulungu. Kila mwaka siku za wafu zikifika, mjomba huivaa akaongoza ngoma ya mashetani nyumba kwa nyumba, akikanyaga ardhi kwa kishindo ili marehemu wajue wanangojewa. Miaka arobaini na mmoja jasho lake lilikuwa limeingia humo, juu ya jasho la baba yake.

"Utairudisha lini?" mjomba akamuuliza.

"Mwezi wa kumi, Mzee, kabla ya siku za wafu. Imeandikwa kwenye mkataba."

"Alikuja mwenzako na mkataba. Akachukua taya la punda ambalo rafiki yangu Crispín alikuwa akiligonga kama ala kwenye ngoma yetu, akasema mwezi mmoja tu. Crispín kafa, na punda wake mwingine kafa. Taya halijaonekana."

"Mimi siye yule, Mzee."

"Yule naye alisema hivyo hivyo kuhusu aliyemtangulia."

Mimi ndiye niliyemsihi akubali. Nafundisha shule ya msingi hapo hapo kijijini, na katika kitabu cha historia cha wanafunzi wangu watu weusi wapo ukurasa mmoja tu, wamefungwa minyororo. Ukifungua wa pili hawapo tena. Nilitaka watoto waone kitu chetu kimewekwa mahali pa heshima. Mjomba alitia sahihi polepole, kisha akanigeukia. "Haya, Herlinda. Ikipotea, ngoma utaiongoza wewe na huo uso wako. Mashetani hawatajua tofauti."

Mwezi wa sita tukaalikwa kwenye ufunguzi. Tulipanda basi alfajiri, yeye amevaa kofia yake mpya na shati jeupe. Baada ya mwendo wa saa nne hivi, maafisa wa uhamiaji wakasimamisha basi. Mmoja, kijana mwenye miwani ya jua, akapita viti vyote bila kumuuliza mtu, akasimama mbele ya mjomba.

"Shuka, babu. Vitambulisho."

Mjomba akatoa kadi yake ya kupigia kura. Kijana akaigeuza-geuza. "Hizi siku hizi zinanunuliwa. Umetoka wapi? Haiti? Hondurasi?"

"Charco Hondo."

"Hebu imba wimbo wa taifa."

"Anza wewe," mjomba akasema. "Nijue kama na wewe ni wa hapa."

Nikaona mambo yanaharibika. Nikampa afisa kadi ya mwaliko yenye picha ya mjomba. Akaitazama, akamtazama mjomba, akaitazama tena. Katika picha mjomba alikuwa amevaa barakoa.

"Uso uko wapi hapa?"

Akatushusha. Tulisimama juani zaidi ya saa nzima, wanawake walioketi madirishani wakitutazama kama wezi. Mwishowe dereva akaanza kupiga honi bila kupumzika, na abiria nao wakapiga kelele kwamba wanachelewa. Afisa akarudisha kadi. Mjomba alikaa na kadi yake mkononi mpaka tulipofika mji mkuu.

Irasema alitupokea mlangoni, akatupeleka moja kwa moja ukumbini. Ufunguzi ulikuwa umebakiza nusu saa. Barakoa ilikuwa katikati, ndani ya kabati la kioo, imemulikwa taa. Nilijisikia fahari. Mjomba aliizunguka mara mbili.

"Hii siyo," akasema.

"Ndiyo yenyewe, Mzee. Ina namba yake, na picha za siku tuliyoichukua ninazo."

"Picha hata mimi ninazo, na humo nina meno yote. Fungua."

Irasema akasita. Akatazama mlangoni, akatazama saa. Akakosea ufunguo mara mbili kabla kabati halijafunguka. Nikasema moyoni: huyu anaficha jambo. Wameiuza, wametuwekea nyingine, na mimi ndiye niliyemshika mjomba mkono akatia sahihi.

Mjomba akaingiza uso ndani ya barakoa, akavuta pumzi. Akaitoa, akanipa.

"Nusa."

Nikanusa. Hakukuwa na kitu: wala jasho, wala tumbaku, wala moshi. Ilikuwa kama ngozi ya dukani.

"Yangu iko wapi?" akamuuliza Irasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikakumbuka kwamba mbwa aliwahi kuichana karibu na sikio la kushoto, na babu akaishona kwa mshipi wa kuvulia samaki. Nikapitisha kidole kwa ndani. Mshono ulikuwepo, mgumu, umepinda kama nilivyoujua tangu utoto.

"Mjomba, ndiyo. Shika hapa."

Akashika. Akamgeukia Irasema. "Basi mmeifanya nini?"

Irasema akasema yote kwa mkupuo. Wadudu walikuwa wameingia kwenye ngozi. Waliiweka kwenye baridi kali wiki mbili ili wafe, kisha fundi akaisafisha ndani na nje. Hiyo ndiyo kanuni ya vitu vyote vya jumba.

"Mmemwosha baba yangu," mjomba akasema. "Mmemwosha mkammwaga."

Irasema machozi yakamlengalenga. Akasema anaweza kuifunga sasa hivi tukaondoka nayo. Nilidhani mjomba atakubali. Badala yake akaomba kiti. Akakiweka mbele ya kabati, akaketi, kofia magotini, na wageni walipoingia wakamkuta hapo. Hakuondoka, hata wakati wa hotuba.

Mama mmoja mwenye lulu shingoni akamwinamia. "Mzee, umetoka Kuba?"

"Charco Hondo."

"Namaanisha asili yako."

"Asili, Charco Hondo. Na wewe mama, asili yako ni wapi?"

Mama akacheka, akaona mjomba hacheki, akasogea kwenye picha nyingine.

Miezi iliyofuata aliwaambia watu wote kwamba barakoa hairudi. Mwezi wa kumi ulipoingia nilimpigia Irasema. Akasema mambo yako sawa. Tarehe ishirini nikapiga tena, simu haikupokelewa, wala kesho yake, wala keshokutwa. Sikumwambia mjomba, lakini alinisoma usoni. Akaanza kukata ngozi ya barakoa mpya, akiishona kibarazani ili kila apitaye amwone na aulize.

Tarehe ishirini na sita, saa sita mchana, gari la abiria likasimama mbele ya nyumba. Irasema akashuka nyuma, kajaa vumbi mpaka kwenye kope, sanduku kalipakata kama mtoto mchanga. Simu yake, alisema, iliibiwa sokoni, na gari la ofisi walimnyima.

Mjomba alifungua sanduku, akakagua mshono, pembe, ndevu. Akaitundika barakoa juani. Kisha akamgeukia binti.

"Kabla ya kuiosha, kwa nini hukunipigia simu?"

"Niliogopa utakataa, Mzee."

"Ningekataa."

"Najua."

Mjomba alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimtazama mwenye kalamu bila kukunja uso. Akamsogezea kiti kibarazani, kisha akaniita nilete samaki wa kuchoma, na pilipili kando, maana watu wa mji mkuu huwezi kuwajua.