Faili la Jana

Saa mbili asubuhi mama alikuwa kitandani, wodi ya upasuaji, hajala tangu jana yake jioni na amenuna. Mawe ya nyongo yalikuwa yamemtesa miezi mitano. Saa tatu kamili muuguzi anafunga orodha ya wanaopasuliwa, na ambaye majibu yake ya damu hayamo kwenye kompyuta, jina linafutwa. Kompyuta ikasema mama hana majibu. Hana vipi? Damu alitolewa Jumatatu, jana tu, nikiwa nimemshika mkono!

Kibaya zaidi, anayeunganisha kompyuta za maabara na za wodi ni mimi. Programu yangu kila alfajiri inatafuta faili la maabara lenye tarehe ya leo kutoa siku moja, na kulipeleka wodini. Haijui kingine. Nikafungua folda, faili la Jumatatu halipo. Nikaipekua programu mstari kwa mstari, sikuona kosa. Ningebeba karatasi, lakini karatasi hazipokelewi siku hizi, na sheria hiyo niliipigania mwenyewe.

Saa tatu kasorobo nikaingia maabara mbio. Mkuu wa maabara, tunayemwita Mjomba Darubini, alikuwa anafuta meza taratibu kama yuko likizo.

"Mjomba, faili la jana liko wapi?"

"Si nimelituma?"

Nikatazama mashine yake. Pembeni imeandika Jumatano.

"Leo Jumanne, Mjomba! Mashine yako iko kesho!"

"Aa, hiyo," akasema, wala hakustuka. "Jumapili hatufungui. Sasa Jumatatu programu yako inataka faili la Jumapili, hailipati, watu wa Jumamosi wanakosa majibu. Basi Jumamosi naisogeza tarehe mbele siku moja, Jumatatu nairudisha. Jana nilipitiwa."

Kumbe damu ya mama ilikuwa kwenye faili lenye tarehe ya leo, na programu yangu ingelichukua kesho, kwa raha zake. Hasira zikanipanda. Nikafoka mpaka wasaidizi wake wakatoka nje. Nikamwambia tarehe si pazia la kuvutavuta, nikamwambia mtu mzima hadanganyi mashine, nikarudia yote upya kwa sauti kubwa zaidi. Mwisho nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia mara tatu," akasema. "Ukasema una kazi nyingi, nitumie akili yangu. Nikaitumia."

Nilikumbuka hata mahali nilipokuwa nimesimama siku hiyo. Nikakaa kwenye kiti chake, nikalibadilisha faili jina kwa mkono, nikaiendesha programu, nikatoka mbio.

Nilifika wodini saa tatu na dakika nne.

"Majibu yameingia sasa hivi, dada, nimeyaona," muuguzi akaniambia. "Lakini orodha nimeshaifunga, nafasi yake amepewa mwingine. Mpeleke nyumbani ale. Tutampangia tena mwezi ujao."

Nilimbembeleza, akatikisa kichwa.

Mama alikuwa amejishika ubavu. "Ulikuwa wapi muda wote huo?"

"Maabara, mama. Nilikuwa nagombana na Mjomba."

"Mmegombana sana?"

"Dakika kumi hivi."

Akaitupa shuka pembeni, akaanza kupapasa viatu vyake chini ya kitanda.