Kipanya cha Mama Mkwe

Miaka ishirini na sita vidole hivi vimenilisha: nasikiliza rekodi za mikutano na kuzichapa neno kwa neno. Mwaka huu mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Kuchapa bado naweza, vidole vinajua njia. Kulenga alama ndogo kwenye kioo cha kompyuta kwa kipanya ndiko kulikonishinda. Nikitaka kusimamisha rekodi, nafunga faili lote. Sikumwambia mtu. Binti yangu angejua, angenistaafisha siku hiyohiyo, na mimi bila kazi nitaishia kugombana na masufuria.

Nikaisingizia kompyuta uzee. Binti akamtuma mumewe, fundi kompyuta, aniwekee Linux, mfumo mwingine wa kuiendesha. Mkwe huyu nilimpachika jina la Bubu tangu alipokuja kuposa. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Chake nilidhani hakina hata mlio.

"Sura za kioo ziko nyingi, mama. Chagua," akasema.

Nikachagua yenye mapambo na picha kubwakubwa, kama mtoto aliyepelekwa dukani. Akaiweka bila ubishi, kisha akaketi nyuma yangu asubuhi nzima akinitazama nikifanya kazi. Nilikasirika. Mkwe gani anamkodolea mama mkwe macho?

Kesho yake akarudi, akafuta yote. Kioo kikabaki cheusi, kitupu.

"Umenipangia nyumba au umenihamisha?" nikamuuliza.

"Sura hii inapanga madirisha ya programu yenyewe, mama. Haitaki kipanya. Jaribu."

Akabandika kando ya kioo kikaratasi chenye orodha ya vitufe vitano vya kubonyeza. Nikabonyeza: rekodi ikakaa juu, maandishi chini, kila kitu mahali pake. Nikabonyeza tena, rekodi ikasimama. Kufika adhuhuri nilikuwa nimemaliza kazi iliyokuwa ikinilia siku mbili.

Ndipo nikakisoma vizuri kile kikaratasi. Vitufe vyote vitano vilikuwa vya mkono wa kushoto. Kumbe aliona.

Nikageuka. Alikuwa anakunja nyaya, hanitazami.

Jioni binti akapita kumchukua mumewe. Akaikagua meza. "Mama, kipanya kiko wapi?"

Bubu akaniwahi: "Kiliharibika. Nimekitupa."

Kilikuwa mfukoni mwake, kizima kabisa, waya unachungulia nje. Miaka minne nimemdharau mtu huyu mezani kwangu.

"Asante, mwanangu," nikamwambia, na machozi yakanitoka.

Binti akacheka. "Kompyuta tu hiyo, mama."